Bi Unaysa na Nyumba ya Wageni ya Amiri

Inasimuliwa na watu wa zamani, nao walikipokea kisa hiki kwa waliowatangulia, kwamba katika bonde liitwalo Wadi Tarfa, mahali ambapo misafara ilikatiza kutoka nchi ya nafaka kwenda nchi ya chumvi, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Unaysa binti Hazim, Mola amrehemu. Mumewe, Sabiti, alikuwa amejenga hapo nyumba ya wageni kwa mikono yake mwenyewe, mawe akiyateremsha kutoka mlimani kwa punda. Alipofariki hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Ndugu zake Unaysa walimtumia habari kwamba auze nyumba arudi mjini.

Akawajibu, "Huku nina kaburi la mume wangu na nina wageni. Mjini nina nini?" Akabaki.

Wageni ndio waliokuwa jamaa zake. Alijua yupi hali vitunguu, yupi ana binti aliyekaribia kuolewa, yupi humwogopa ngamia wake mwenyewe na huona haya kusema. Mgonjwa alimuuguza, na aliyefariki alimtafutia wa kumkosha na sanda ya kumzika. Bei yake ilikuwa moja kwa mgeni na mwenyeji, kiangazi na masika, na shayiri yake mtu angeweza kuichota gizani bila wasiwasi.

Palikuwa na nyumba nyingine mbili bondeni humo, na wenyewe hawakuwa na hofu ya Mungu. Walichanganya mchanga katika shayiri ya wanyama. Walimuuzia maji mwenye kiu kana kwamba wanamuuzia asali. Msafiri akilala, mzigo wake uliamka mwepesi. Malalamiko yakazidi, yakafika mjini kwa Amiri Dhirar bin Wathiq aliyeitawala nchi ile.

Msikilizaji asidhani kwamba Amiri huyu alikuwa dhalimu. Alikuwa mtu wa kusali kwa wakati, mwenye kulia anaposikia habari za wanaoonewa. Tatizo lake lilikuwa haraka. Aliposikia habari za wizi ule aligonga mkeka akasema, "Ikiwa wafanyabiashara wameshindwa kumcha Mungu, basi dola itauza yenyewe. Nitajenga Wadi Tarfa nyumba ya wageni ya Baitulmali, hazina ya dola, yenye shayiri safi na bei ambayo hata mchunga mbuzi ataimudu."

Ikajengwa, mkabala kabisa na nyumba ya Unaysa, njia tu ikizitenganisha. Ilikuwa kubwa, ya matofali ya kuchoma, yenye lango la kupita ngamia wawili kwa pamoja. Akawekwa kuisimamia mtu aitwaye Kathir bin Nawfal, aliyekuwa akifanya kazi katika maghala ya Amiri, hodari na mwenye kiburi kidogo. Haukupita muda wale wezi wawili walifunga milango yao wakahama. Watu wakafurahi, na Unaysa akafurahi pamoja nao, akasujudu kumshukuru Mola.

Lakini bei iliyowashinda wezi ilimshinda na mwaminifu. Shayiri ya Kathir haikununuliwa sokoni, ilitoka katika ghala la zaka na ushuru. Nyumba yake haikutozwa kodi. Unaysa alitozwa kila mavuno, na alichotozwa kikaingia katika Baitulmali ile ile iliyomlisha jirani yake. Hata hivyo wazee walimpenda, na baadhi ya misafara iliendelea kuingia kwake kwa mazoea. Ndipo Kathir alipoomba ruhusa kuhamishia kituo cha ushuru mlangoni pa nyumba yake, akisema kitarahisisha kazi. Ruhusa ikatolewa kutoka mbali, na aliyeitoa hakufikiri mara mbili. Tangu hapo kila msafara ulilazimika kupakua mizigo kwa Kathir ili ikaguliwe, na mtu aliyekwisha kupakua, mchovu na vumbi machoni, hapakii tena ili avuke njia.

Hivyo ndivyo nyumba ya Unaysa ilivyonyamaza.

Aliendelea kufagia vyumba vyote na kukung'uta mikeka. Aliendelea kupika dengu katika sufuria kubwa, kwa kuwa mikono yake haikujua kipimo cha mtu mmoja, na kilichobaki akawapa ndege wa bondeni. Jioni alikaa barazani akisikiliza vicheko kutoka ng'ambo, na akawatambua watu kwa kukohoa kwao. Siku moja mtu ambaye aliwahi kumuuguza homa mpaka akapona alisimama upande wa pili wa njia, akainua mkono kama anayetaka kusalimu, kisha akaushusha kwa aibu akaingia kwa Kathir. Unaysa aliingia ndani, akatawadha, akasali rakaa mbili, na akasikiwa akisema, "Ee Mola wangu, sikuombi unirudishie wageni. Nakuomba nisiwachukie."

Aliyesikia maneno hayo alikuwa Fayruzi, mzee aliyetunza wanyama katika nyumba ile tangu siku za Sabiti. Hakuwa na mnyama wa kutunza tena. Kathir alikuwa amemwita mara kadhaa aende akafanye kazi kwake kwa ujira mzuri, naye akawa anakataa, lakini Unaysa aliona jinsi alivyokaa kwenye banda tupu akiishika kamba isiyofunga kitu.

Asubuhi moja alimwambia, "Fayruzi, nenda."

"Niende wapi, Bibi?"

"Wanyama wako wako ng'ambo. Unawasikia wakilia, na kila wakilia unageuka. Nenda ukawalishe. Hapa nitakushikilia kwa ajili gani?"

Mzee alilia. "Nitakuja kukusalimia kila Ijumaa."

"Njoo," akasema Unaysa.

Naye alikuja Ijumaa za mwanzo. Baadaye kazi ikawa nyingi na magoti yakawa mabaya, akawa anapunga mkono kutoka bandani, na Unaysa akawa anapunga wake.

Sasa wafanyabiashara wa misafara, waliokula nafuu ya Amiri kwa muda mrefu, walianza kumchoka Kathir. Hawakuichoka shayiri yake. Walimchoka yeye, kwa sababu aliwangojesha langoni juani na kusema nao kama anavyosema mtu na watumishi. Mmoja wao, mwuza ngozi aitwaye Suhaym, aliingia kwa Unaysa kwa mlango wa nyuma ili watu wa ushuru wasimwone. Unaysa alipomwona alimtandikia mkeka haraka, akamletea maji na tende.

"Mama Unaysa," akasema Suhaym, "Amiri anakuja Wadi Tarfa baada ya mavuno. Tumekubaliana kumshitaki Kathir kwamba anachanganya mchanga katika shayiri."

"Anachanganya?"

"Watu wanasema."

"Wewe umeuona huo mchanga?"

Suhaym akachukua tende nyingine. Kisha akasema, "Sisi maneno yetu yana uzito wa wachuuzi tu. Wewe ukisema umeona, Amiri ataamini papo hapo. Nyumba itafungwa, na sote tutarudi kwako. Mimi nitakuwa wa kwanza kufunga ngamia wangu uani hapa. Kwani hajakudhulumu?"

Wapokezi wa kisa hiki wanasema kwamba Unaysa aliushika ukingo wa mkeka. Hakuwa ameketi na mtu kwenye mkeka ule tangu zamani, na moyo wake ulitamani sana mgeni huyu asiondoke.

"Amenidhulumu, sikatai," akasema. "Ameniziba njia. Lakini nikimzulia wizi ambao sikuuona, tutakuwa madhalimu wawili katika bonde moja, na mimi nitakuwa mbaya zaidi yake, maana mimi nitakuwa nimeapa kwa jina la Mungu."

"Basi utakufa humu peke yako."

"Huenda," akasema Unaysa, akamwongezea maji. Suhaym hakuyanywa. Aliondoka kwa mlango ule ule wa nyuma, na hapakuingia mtu mwingine mpaka mavuno.

Amiri alipofika, aliamuru itandikwe mikeka njiani, kati ya nyumba mbili zile, akaketi kusikiliza baada ya sala ya alasiri. Suhaym na wenzake wakatoa mashitaka yao. Walisema vizuri, kwa sauti za uchungu. Lakini Amiri alipouliza nani aliyeuona mchanga kwa macho yake, kila mmoja alimtaja mwenzake. Kathir alisimama pembeni akiwa amekauka midomo, kwa kuwa alijua hasira za Amiri katika jambo la shayiri.

"Hakuna mtu katika bonde hili," akauliza Amiri, "asiye mfanyakazi wa Kathir wala mshirika wenu, ambaye anajua yanayopita hapa?"

Wote wakaelekeza vidole nyumba ya Unaysa. Suhaym alikuwa wa kwanza kuelekeza, akitumaini kwamba upweke ulikuwa umemlainisha.

Akaitwa. Akaja amejitanda shuka yake nyeupe, akasalimu, akasimama.

"Mama," akasema Amiri, "mbele ya Mwenyezi Mungu, unajua nini juu ya shayiri ya mtu huyu?"

"Huanikwa mbele ya lango langu kila ikiletwa," akasema Unaysa. "Ni safi. Anayelisha wanyama pale ni mzee Fayruzi aliyekuwa kwangu, na mchanga ungekuwapo angeuona kabla ya mtu yeyote, wala asingenyamaza. Sijaona hiyana, na sijasikia mnyama aliyedhoofika kwa chakula chake."

Watu wakanong'ona. Kathir alimtazama kana kwamba hakusikia vyema. Amiri akashusha pumzi, akatabasamu. "Alhamdulillahi! Basi nyumba yangu ni njema, na nilifanya vyema kuijenga."

Hapo Unaysa angeweza kurudi kwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuondoka.

"Ee Amiri, Mungu akuongoze. Uliniuliza juu ya Kathir nikajibu. Hili la pili hukuniuliza, umejijibu mwenyewe."

Baadhi ya watu wa Amiri wakaguna. Amiri akawanyamazisha kwa mkono. "Basi nakuuliza. Wale wawili waliwaibia watu. Ulitaka niwaache?"

"La. Nilitaka uwaletee mkaguzi wa mizani na kadhi. Wangeadhibiwa wao kwa kosa lao, nami ningebaki na kazi yangu. Wewe uliacha kuwahukumu, ukafungua duka."

"Na wasafiri wakapata nafuu. Bei yangu ni ndogo kuliko yako."

"Ni ndogo kwa sababu nami nailipia. Nyumba yangu haina mgeni, na kila mavuno natoa kodi yake, na kodi hiyo inamnunulia mgeni wangu wa zamani chakula ng'ambo ya njia. Simwonei choyo kwa kula. Lakini usiseme ni nafuu."

Unaysa akaendelea, na sauti yake haikupanda.

"Leo watu hawa wamemshitaki Kathir kwa uongo. Je, kama ingekuwa kweli? Nyumba ni yako, shayiri ni yako, anayetoza ushuru ni wako, na hakimu ni wewe. Tulipoibiwa na wale wawili tulikukimbilia. Siku nyumba yako ikituibia, tumkimbilie nani?"

Inasemwa kwamba Amiri aliinamisha kichwa, akawa anaichezea ncha ya kilemba chake. Kisha akasema maneno ambayo kila mtu pale aliyangojea. "Nikiifunga nyumba hii leo, utaridhika?"

Suhaym aliinuka nusu kutoka alipokaa.

Unaysa aligeuka akaitazama nyumba yake. "Nataka kusema ndiyo," akasema. "Mola anajua jinsi ninavyotaka. Nyumba yangu imekuwa kimya hata nasikia mchwa wakila miti ya dari. Lakini majira ya baridi ulipita msafara wa watu waliokimbia ndui kutoka nchi ya chumvi. Hawakuwa na kitu mkononi. Nyumba yako iliwapokea wote. Mimi ningeweza wachache tu, na waliobaki wangefia njiani. Kwa hiyo siwezi kukwambia uifunge. Iache kwa mgonjwa, kwa maskini, na kwa msafiri aliyeishiwa, na mwaka wa njaa uifungulie watu wote. Tajiri mwenye ngamia waliobeba hariri usimlipie chakula chake. Atoe bei kamili, au achague lango jingine. Na kituo chako cha ushuru ukiondoe mlangoni pale, mtu apite njia akiwa huru."

Suhaym akakaa tena, uso umemshuka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ngamia wa namna hiyo.

Amiri akasema, "Umenena haki. Basi ichukue nyumba hii uisimamie wewe badala ya Kathir. Uadilifu wako utatutosha."

Kathir akainamisha kichwa, asitetee nafasi yake. Na huu, enyi waumini, ndio mtihani ambao wapokezi wanasema ulikuwa mgumu kuliko yote, kwa kuwa nyumba ile ilijaa watu. Kulikuwa na sauti za akina mama wakiwaogesha watoto. Kulikuwa na Fayruzi bandani. Yeye alihitaji kuvuka njia tu.

"Ee Amiri," akasema, "leo utakuwa umepata mtu unayemwamini. Nami ni mzee. Nikifa, nyumba itabaki na nguvu zake zote, na hujui nani atazishika. Tena nikihamia huku, kule nitakuwa nimemwacha nani?"

Akaomba ruhusa, akarudi kwake, akafunga mlango.

Amiri aliamuru kama alivyoshauriwa. Kituo cha ushuru kikahamishiwa kwenye kivuko cha mto, mbali na nyumba zote mbili. Wenye mali wakatozwa bei kamili kwa Kathir, na wasio na kitu wakapokewa bure. Suhaym na wenzake wakaamriwa kumwomba Kathir radhi hadharani.

Mtu angedhani wageni walirudi. Hawakurudi. Wafanyabiashara waliona bei imepanda, wakauliza ni kwa sababu gani, na Suhaym akawaambia ni kwa ulimi wa mjane wa Wadi Tarfa. Wakamkasirikia. Wakawa wanapita kati ya nyumba zile mbili bila kugeuza nyuso, wakaenda kupiga mahema kivukoni. Masika hayo Fayruzi akafariki ghafla akiwa kazini. Vijana wa nyumba ya Amiri wakamkosha na kumzika kabla ya adhuhuri kama inavyopasa, na hakuna aliyekumbuka kumwarifu Unaysa. Alijua alipoona bandani amesimama mtu mwingine. Alikwenda kaburini peke yake, akamwombea, akarudi.

Asubuhi moja baada ya hapo alisikia hodi kwenye lango la mbele. Alikuwa Kathir, bila kilemba cha kazi, ameshika viatu mkononi.

Unaysa hakumkaribisha chumbani, kwa kuwa alikuwa peke yake, bali alimwekea mkeka barazani, mlango wazi na njia ikionekana, akamletea mkate na dengu.

Kathir alikula kidogo. Kisha akasema, "Mama, nimekuja kukuuliza. Siku ile kwa nini hukunishitaki? Mimi ningekuwa wewe, ningekushitaki."

"Sikuona mchanga."

"Hukuuona kwa kuwa haukuwapo. Lakini unajua kwa nini haukuwapo?" Kathir aliweka mkate chini. "Mwaka ule wa kwanza msimamizi wa ghala aliniletea magunia machafu. Akaniambia tugawane faida, hakuna atakayejua, kwani nyumba ni ya Amiri na nani atamkagua Amiri? Nilikubali, mama. Nilikwisha kukubali. Nilishika gunia nikalitoa nje, nikainua macho, nikaona lango lako liko wazi. Nikasema moyoni, watu wakiugundua mchanga huu wana pa kwenda. Nikayarudisha magunia yote. Wallahi haikuwa kwa ucha Mungu wangu. Na kila mwaka tangu hapo hunijia wazo lile, nami hutazama ng'ambo."

Unaysa aliuvuta mtandio wake mpaka usoni, na Kathir akageuka kutazama njia ili asimwone akilia.

"Basi kumbe nilikuwa na kazi," akasema hatimaye. "Miaka yote hii nilidhani sina kazi."

Kisha akauliza kama dengu zilikuwa na chumvi ya kutosha, naye Kathir akasema zinatosha, akala mpaka akamaliza. Alikuwa mgeni wake wa kwanza baada ya muda mrefu. Baada yake walikuja wengine, mmoja mmoja, wasio wengi, wala nyumba haikujaa tena kama zamani za Sabiti. Aliishi hivyo mpaka alipofariki, na waliomsalia sala ya jeneza walikuwa wachache, wakiongozwa na jirani yake wa ng'ambo ya njia.

Wanazuoni wa nchi ile walibishana baada yake kama inafaa mtawala auze na kununua pamoja na raia zake, na wapi aanzie na wapi akomee. Hayo yana kina chake, nami sikukileta kisa hiki ili kuyamaliza. Nimekileta kwa ajili ya yule miongoni mwetu ambaye leo amesimama kwenye haki na hapiti mtu mlangoni kwake. Asiseme hana faida. Hajui ni mkono wa nani umezuiliwa kwa kuwapo kwake. Mola atupe sisi na watawala wetu kuisema kweli inapotuumiza, na amkunjulie Unaysa kaburi lake, amjaalie huko majirani wema wasiohama.